Kuku Weupe wa Bwana Bucha

6 Machi

Mvua imeanza leo, na wifi yangu amekuja nayo. Nilikuwa nafagia banda la kuku mlango wa uani ulipogongwa, nikadhani ni jirani na kuazima kwake kusikoisha. Kumbe ni dada wa mume wangu, kalowa chapachapa, mkononi ana mfuko mmoja wa nailoni, mdomo umevimba upande mmoja.

"Wifi, karibu. Kulikoni?"

"Nimeteleza."

Mama mkwe akatoka jikoni, akamtazama binti yake, akanitazama na mimi. "Mpe nguo kavu. Asiulizwe."

Amepewa chumba changu cha kushonea. Cherehani yangu sasa iko sebuleni, kati ya kabati na miguu ya mume wangu. Naandika haya kwa kuwa katika nyumba hii hakuna wa kumwambia neno lisirudi limeota mkia.

7 Machi

Mvua. Wifi hali, hasemi, anapumua kwa kukatakata. Nimeambiwa nisiulize, siulizi.

10 Machi

Nieleze kuhusu kuku wangu, maana ndio heshima yangu humu. Nilipoolewa nilikuja na tetea wawili kwenye tenga, watu wakacheka. Leo ua umejaa. Yupo Bi Mkubwa, kishingo, shingo tupu tangu kuzaliwa na jeuri juu, mama wa nusu ya banda. Yupo Mwenyekiti, jogoo, anayewika hata kama hakuna ajenda. Mume wangu ni fundi mwashi, na mvua zikianza hana kazi. Msimu huu nyumba hula kwa mayai yangu. Ndiyo maana mvua zikinyesha mama mkwe huniita "mwanangu", na kiangazi huniita "huyu".

Leo wamemvamia tetea mmoja anayechechemea. Kuku hana huruma. Akiona mwenzake ni dhaifu, humdonoa palepale panapouma. Walimzunguka, wakamdonoa mgongo mpaka manyoya yakaisha na nyama ikaonekana, kisha Mwenyekiti akampanda juu ya kidonda. Nimeshazoea, nikaendelea kumwaga pumba. Wifi akatoka ndani mbio, akawatawanya kwa mateke, akamchukua yule tetea akamkumbatia kifuani, damu ikimchuruzika kwenye gauni nililomwazima.

Nikamwambia, "Wifi, hao kuku wana mwenyewe."

"Najua. Mwenyewe alikuwa anatazama."

Kumbe ana ulimi, alikuwa ameuficha tu. Na tetea amemwingiza chumbani, kwenye chumba changu cha kushonea, amemtengenezea kiota kwa vipande vya vitambaa vyangu.

14 Machi

Leo amekuja mumewe. Mtaa mzima humwita Bwana Bucha, maana ana duka la nyama lenye foleni toka asubuhi. Mwanamume mzima kapiga magoti uani, kwenye matope, na suruali ya kitambaa.

"Mama, shetani alinipitia. Nimekosa. Mkono huu, mama, heri ungekatwa."

Akalia kwelikweli, makamasi na machozi pamoja. Mama mkwe naye akalia. Mume wangu, barazani, alitazama dari, pale panapovuja. Kisha Bwana Bucha akaenda kwenye gari lake, akarudi na tenga. Ndani mna kuku weupe pe, vishungi vyekundu, manyoya yanang'aa hata kwenye wingu hili. Akaliweka miguuni pangu.

"Hawa ni wa shemeji, kwa kunitunzia mke wangu."

Tangu niingie nyumba hii hakuna aliyewahi kuleta kitu akasema ni changu mimi. Nilitaka kulia na mimi. Mkono mtupu haulambwi, na huyu hakuja mkono mtupu. Wakakubaliana: Jumamosi ya kwanza ya Aprili anakuja kumchukua mkewe. Mkewe alikuwa nyuma ya mlango, na hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwemo.

Alipoondoka wifi akaja kusimama bandani. "Wifi, nakuomba, usiwachanganye na wako."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na banda zima. Waliugua kifua wote, wakakoroma, wakafa. Hawa ndio waliobaki."

"Basi ndio wenye nguvu."

"Watenge kwanza. Siku chache tu."

Nikamwambia mtu akiletewa zawadi haiweki kizuizini. Nikafungua tenga.

15 Machi

Weupe wamewashinda wangu hadi kwenye chakula. Raha tupu kuwatazama.

19 Machi

Nimesikia chafya bandani nikiwa nashona. Moja tu, ndogo. Nani hana mafua na mvua hii?

21 Machi

Chafya zimekuwa nyingi. Kuku wawili macho yanatoa povu, na mmoja akivuta pumzi analia krr, krr, kama maji yanayochemka kwenye sufuria yenye kifuniko. Ni baridi tu. Nimechukua turubai la mume wangu, nimelipigilia misumari banda zima kuanzia juu hadi chini, nimeziba matundu kwa magunia na gome la mgomba. Sasa hata mbu hapiti.

Wifi alikuwa ananitazama. "Watapumua wapi?"

"Watapumua ndani, kama sisi."

22 Machi

Mvua. Mayai machache, maganda laini.

24 Machi

Mama mkwe amesema dawa ya mafua ni moshi wa pilipili. Tumeweka makaa kwenye karai, tukamwaga pilipili kavu, tukaliingiza bandani na kufunga mlango. Sijawahi kusikia vurugu ile. Walijipigiza kwenye mbao, walipandana, walikanyagana, kelele zao zikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kimya. Nilipofungua, wawili wamekufa midomo wazi, na mmoja amevunjika bawa. Macho yangu mwenyewe yalichuruzika saa nzima.

"Moshi umewatoa wabovu," alisema mama mkwe. Kisha, akitazama mlango wa chumba cha wifi, chini chini, lakini ili nisikie: "Tangu yule aingie humu na mguu wake, tumeona nini chema?"

Nami nilishaanza kuwaza hivyohivyo.

26 Machi

Nyuso zimevimba, macho yamefungwa, na bandani kuna harufu ya kitu kilichooza. Wazima wanawadonoa vipofu kwenye macho yaleyale. Leo nimetoa mmoja ambaye jicho halipo tena. Weupe hawana neno, wanakula.

27 Machi

Niliamua kumuua yule asiye na jicho, apumzike. Mimi huchinja kuku mzima wa kula bila kufikiri, lakini huyu nilifumba macho. Nikamnyonga, akachomoka, akakimbia ua mzima shingo imepinda, akigonga ukuta, akianguka, akiinuka, anakoroma. Nikamfuata na mwiko, nikampiga mgongoni, nikamkosa, nikampiga tena. Nilikuwa nalia na kumtukana.

Wifi akamdaka. Akamkanyaga mabawa kwa mguu mmoja na miguu kwa mwingine, akavuta kichwa mara moja. Basi, ukawa mwisho.

"Nimekaa bucha miaka yote hii," alisema, akinawa mikono. "Anayetaka kuua anaua. Kutesa ni kazi nyingine."

Nilimchukia kwa kuwa alikuwa sahihi.

28 Machi

Mvua. Mwingine. Mume wangu anasema nimwite bwana mifugo. Namwambia bwana mifugo atafanya nini ambacho turubai halijafanya.

30 Machi

Bi Mkubwa amekufa.

Asubuhi nilimkuta mlangoni, ameinua ile shingo tupu juu kabisa, mdomo wazi, anaitafuta hewa. Kila pumzi ilimwinua mzima mzima. Nilimbeba hadi jikoni, nikampangusa pua kwa kitambaa, nikampulizia maji ya uvuguvugu. Alinitazama kwa jicho moja lililobaki wazi. Alikuwa mmoja wa wale wawili niliokuja nao kwenye tenga. Akafia mapajani mwangu, akanyoosha miguu, akajinyea kwenye sketi yangu.

Nikainuka. Wifi alikuwa kwenye kizingiti cha chumba changu, na yule tetea mchechemeaji mikononi, mzima, mnene, macho makavu. Kuku wangu wote wanakufa, na wa kwake yeye anang'aa! Damu ikanipanda kichwani.

"Umetuletea mkosi!" nilipiga kelele. "Umekuja na kifo kwenye mfuko wa nailoni! Rudi kwa mumeo! Hiyo Jumamosi yenu haifiki?"

Nikashika sufuria iliyokuwa mezani, nikamrushia.

Hapa nataka niandike polepole. Sufuria ilikuwa bado mkononi mwangu yeye alipoinua mkono wake. Alijua kabla yangu. Alimwachia tetea upande salama, akageuza ubavu, akajikunja pembeni ya kabati na kufunika kichwa kwa mikono miwili, yote kwa pumzi moja, bila neno, kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi. Sufuria ilimpata mbavuni. Haikuwa nzito. Lakini akatoa sauti ambayo mimi naijua, maana nimeisikiliza wiki nzima bandani: krr. Krr.

Nikapiga magoti nikamwinulia blauzi. Alijaribu kunizuia, hakuwa na pumzi. Ubavu wa kushoto wote ni mweusi na wa manjano, na mfupa mmoja umeinuka pale ambapo mfupa haukai. Kuna alama ya kisigino cha kiatu. Inaonekana hata umbo lake.

"Hukuteleza," nilisema.

"Hapana."

"Kwa nini hukusema?"

Akavuta pumzi tatu nne kabla ya kupata ya kujibia. "Kuku akionyesha anaumwa, wewe si umeona wenzake wanamfanya nini?"

Nilikaa naye sakafuni, Bi Mkubwa akipoa jikoni. Nilimwomba radhi. Akasema, "Umenipiga na sufuria tupu. Yeye huwa na maharage ndani." Sikujua kama nicheke. Alicheka yeye, akashika ubavu, akaacha.

31 Machi

Nimeirudisha cherehani chumbani kwake. Tunashona kwa zamu. Mama mkwe hajui, na mimi sijajua nitamwambiaje.

2 Aprili

Nimemwita bwana mifugo, amekuja. Kitu cha kwanza, hata salamu haijaisha, alishika turubai langu akalichana toka juu hadi chini. Hewa iliyotoka ilimfanya arudi nyuma akikohoa.

"Mama, umewafungia kwenye choo," alisema. "Kinyesi chao, unyevu, moshi. Ugonjwa peke yake ungewaua wachache. Hawa wengine umewanyima hewa."

Niliipiga misumari ile mwenyewe.

Akawakagua mmoja mmoja, akawafinya pua, akanusa. Ni mafua makali ya kuku. Akauliza wapya wameingia lini. Nikamwonyesha weupe.

"Lakini hao hawajaugua hata siku moja," nilisema.

"Hao waliugua zamani. Huu ugonjwa, anayepona hubaki nao ndani. Anakula, ananenepa, anapendeza, na kila anapopumulia anaambukiza. Ukiwaacha, hata ukinunua wengine mwakani utazika tena."

Wifi alikuwa nyuma yangu. Hakusema, "Nilikwambia." Ningekuwa mimi, ningesema mpaka mvua ikatike.

Bwana mifugo akamsikiliza pia tetea mchechemeaji, akamweka sikioni kabisa. "Huyu safi. Nani alimtenga?"

Mwishowe akasema dawa ipo, lakini kwa hali hii heri niwachinje wote, nioshe, nipake chokaa, niache banda tupu na wazi mpaka mvua ziishe. Wazima wa mwili tungeweza kuwala, nyama ikiiva haimdhuru mtu. Nikasema sitaweza kuwala. Alipoondoka, mama mkwe alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa anamtazama binti yake anavyopanda ngazi moja ya jikoni kwa kupumzika katikati.

3 Aprili

Tumewachinja. Tulianza na weupe. Mimi nilishika, wifi alikata. Mvua ilikuwa inanyesha na damu ilikwenda nayo hadi kwenye mfereji. Mwenyekiti alipigana: alinichana kiganja kwa kucha, akamdonoa wifi shavuni, akawika akiwa tayari ameshikwa shingo. Nilifurahi kwamba alipigana. Nilipomaliza nilikuwa na damu hadi kwenye nyusi, na sikulia mpaka nilipoanza kuchimba shimo.

Mama mkwe alileta maji ya moto tuoge. Alimsugua wifi mgongo mwenyewe. Nilimsikia akiuliza kitu, wifi akajibu, kisha nikasikia kopo likianguka kwenye sakafu ya bafu.

4 Aprili

Nimesugua banda. Kimya cha ua kinaniudhi.

6 Aprili

Jumamosi. Nimepoteza jino moja na bado naandika.

Bwana Bucha alifika kabla ya adhuhuri, shati jeupe, na tenga jingine. Kuku weupe vilevile. Mume wangu alimkaribisha kiti barazani. Nilikuwa namalizia kufukia shimo, sepetu mkononi.

"Shemeji! Kuku wangu wanaendeleaje?"

"Nimewachinja."

"Wote?"

"Wote. Wako kwanza."

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini macho yaliondoka. "Umechinja zawadi yangu." Kisha akageukia mlango. "Mke wangu, haya, twende."

Wifi akasimama kizingitini, mikono mitupu. "Siendi."

"Shemeji," alimwambia mume wangu, akicheka, "unamsikia dada yako?"

Mume wangu alitazama sakafu. Wallahi, siku nitakayomsamehe kwa kuitazama ile sakafu bado haijafika.

Bwana Bucha akavuka baraza kwa hatua mbili, akamshika wifi nywele, akamvuta hadi uani. Alianguka. Akamburuta kwenye matope, na alipojaribu kuinuka akampiga goti kwenye ubavu uleule. Alijua ni upi. Nikaisikia krr.

Sikumbuki kufikiri. Nilimpiga sepetu mgongoni, hakuhisi. Akageuka, akanipiga ngumi ya mdomo, nikaona weupe mtupu. Akarudi kwa wifi. Nikampiga tena, safari hii upande wa bapa, kwenye ule mkono alioshikia nywele, na kifundo kikalia kama ukuni mkavu. Akapiga ukelele. Mama mkwe akatoka jikoni na ndoo ya chokaa niliyoikoroga kwa ajili ya banda, akammwagia yote usoni. Na mume wangu, ambaye sijawahi kumwona akipiga hata mbu, hatimaye akainuka kitini akamkumbatia miguu akamwangusha, akamlalia juu, akisema, "Samahani shemeji, samahani shemeji," huku akimsukumia kichwa kwenye matope.

Alipoachiwa alikuwa amepiga magoti palepale alipopiga mara ya kwanza. Alilia tena, makamasi na machozi. Safari hii hakuna aliyemsaidia.

"Nitawashtaki!"

"Nenda," alisema mama mkwe. "Na mimi naja na mwanangu, avue nguo mbele ya polisi wamwone. Tuone nani atakuwa wa kwanza kuitwa."

Akaondoka kwa miguu, gari kaliacha. Kwa mkono ule asingeweza kushika usukani. Nilitema jino kwenye shimo la kuku, nikafukia.

7 Aprili

Gari lake lilikuja kuchukuliwa asubuhi na mtu wa dukani kwake, ambaye hakutazama mtu usoni. Wifi amepelekwa hospitali, amefungwa kifua. Mbavu mbili.

Lile tenga liliachwa. Wifi aliporudi alilitazama, akaniuliza, "Tuwale?"

Bwana mifugo alisema nyama haidhuru. Tumewachinja barazani, wala hawakuingia uani, na tumekula mpaka mifupa. Mama mkwe alipewa paja la kwanza. Alikula, akalamba kidole kimoja kimoja hadi kwenye kiganja.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema. "Ngoja niumalizie huu."

8 Aprili

Mvua. Natafunia upande mmoja.

15 Aprili

Mume wangu amejenga kibanda kidogo cha matofali nje ya lango, mbali na banda, kina dirisha pande zote. Nimemwambia kila kuku mgeni atakaa humo kwanza. Hajaomba malipo, wala sijamsifu. Anajua anacholipa.

Wifi ameanza kukata sare za shule. Anakata vizuri kuliko mimi, na anajua.

28 Aprili

Mvua zimepungua, jua limetoka mara mbili. Tetea mchechemeaji ametaga, yai dogo la kahawia, akatangaza mtaa mzima. Tumemwita Bi Mkubwa wa Pili.

Mchana walikuja wajomba wawili wa Bwana Bucha, watu wazima wenye kofia, kuomba mke arudi. Mkono wa kijana wao, walisema, umefungwa, kazi imesimama, ametubu, amekonda. Wameleta kitenga. Mama mkwe alikwenda kuwapokea mwenyewe, akatoa benchi, akaliweka nje ya lango, kando ya kile kibanda.

"Karibuni, kaeni hapo."

"Mama, hatuingii ndani?"

"Siku hizi hapa kwetu mgeni hukaa nje kwanza."

Wakatazamana. "Mpaka lini?"

"Mpaka tusikie mnavyopumua."

Walikaa kidogo, wakakohoa kwa heshima, wakaondoka na kitenga chao kabla chai haijachemka. Wifi alikuwa nyuma ya mlango, pale alipokuwa siku ile ya kwanza. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilimuuliza kama zinamuuma.

"Kidogo tu," alisema, akaendelea kucheka.